HAKI YA FARASI JUU YA ANAYEMPANDA

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, aliyemtiisha mnyama mwenye nguvu chini ya mkono wa binadamu aliye dhaifu. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aliyetumwa kuwa rehema kwa walimwengu wote, na jamaa zake na masahaba zake.

Ama baada ya hayo. Limetufikia katika darsa yetu swali la kijana mmoja wa hapa Kibera. Kijana huyu ni saisi, yaani mtunza farasi, naye afanya kazi mahali ambapo farasi hukodishwa kwa wapendao kupanda, upande wa barabara ya Ngong. Asema kwamba siku ya Idi walikuja watu wengi na watoto wao, na farasi walikuwa wachache. Mmoja wa farasi hao alikuwa na donda mgongoni, mahali pale pale likaapo tandiko. Kijana alimwonyesha aliyemwajiri, akaambiwa atie kitambaa juu ya donda, amtandike, wageni wasingojeshwe. Akatii, kwa kuwa ana mama na wadogo zake wanaomtegemea. Farasi yule akatumika tangu asubuhi hata alasiri, na kila alipopandishwa mtoto hulaza masikio nyuma na kukunja mgongo. Sasa kijana atuuliza mambo matatu. Ujira alioupokea siku ile ni halali? Dhambi ni ya nani, yake au ya aliyemwamuru? Na akiamriwa tena, afanye nini?

Tulipolisoma swali hili mbele ya watu, wako waliocheka. Wakasema: Sisi tuna majirani wasio na maji wala vyoo, tuna watoto waliofukuzwa skuli kwa sababu ya ada, nanyi mwatuletea khabari za farasi wa matajiri? Hatuwalaumu kwa uchungu wao, kwani uchungu huo ni wa kweli. Lakini twaona kuwa swali hili lastahili jawabu kamili, wala si jawabu la maneno mawili, na sababu zetu ni hizi.

Ya kwanza ni kwamba farasi hawa ni jirani zetu. Uwanja wa mbio za farasi wa Ngong uko hapo karibu nasi tangu mwaka 1954. Uwanja wa maonyesho wa Jamhuri wapakana na mitaa yetu, na humo farasi hurushwa viunzi mbele ya watu. Vijana wa mitaa yetu hupata riziki kwa kulisha farasi, kuwasugua, kuwatembeza na kuwashikia hatamu watoto wa wageni. Mikono ishikayo kamba ni mikono yetu, hata kama mali ni ya wengine. Na mtu huulizwa juu ya mkono wake.

Ya pili ni kwamba adabu ya mnyama huyu hatukuirithi. Wazee wetu wa pwani walimjua zaidi punda, na wa bara walimjua ng'ombe na mbuzi. Farasi hakuweza kuenea katika nchi zetu kwa sababu ya mbung'o wa maporini, na kwa sababu ya ule ugonjwa wa farasi uenezwao na visubi, ambao huua upesi. Hata Wanubi, walioianza Kibera na ambao ardhi hii ilitangazwa mwaka 1918 kuwa makao yao kwa utumishi wao wa uaskari, aghlabu walikuwa askari wa miguu. Basi farasi ametujia kwa njia ya kazi, pamoja na mjeledi wake na chuma chake, na wengi wetu tumejifunza kumtumia kabla hatujajifunza kumjua. Jambo ambalo mtu hakulirithi, hana budi kulisoma.

Ya tatu ndiyo kubwa. Rehema haigawanyiki mafungu, hili la watu na hili la wanyama, mtu akachukua moja na kuliacha la pili. Mkono uliozoea kumpiga asiyeweza kusema, jioni warudi nyumbani ni ule ule. Na nyumbani mna mtoto, na mna mke. Anayedhani kwamba ukali atauacha bandani pamoja na buti zake, huyo ajidanganya.

Sasa na tutazame dalili.

Mwenyezi Mungu ametufahamisha katika Sura ya An-Nahl kwamba farasi, nyumbu na punda ameumba ili tuwapande na wawe pambo. Ruhusa ya kupanda basi imethibiti, wala hatusemi kama wasemavyo baadhi ya watu wa zama hizi kwamba kumpanda mnyama kwenyewe ni dhulma. Lakini ametufahamisha pia, katika Sura ya Al-An'am, kwamba wanyama watambaao na ndege warukao ni umma mbalimbali mfano wetu. Umma hauwi chombo. Kigari ukikichosha hakisikii, na ukikivunja hakidai. Umma una Mola wake anayeujua, na Siku ya Hisabu utadai.

Katika Sura ya Swad imetajwa khabari ya Nabii Suleiman (A.S.) alipoletewa jioni farasi wazuri wa mbio, kisha akawapitishia mkono miguuni na shingoni. Wanavyuoni wamekhitalifiana juu ya maana yake. Wako waliosema aliwapiga kwa upanga kwa kuwa walimshughulisha. Lakini Ibn Abbas amesema kuwa aliwapapasa kwa mapenzi, na Imamu Tabari akaipa nguvu kauli hiyo, kwa hoja kwamba Nabii wa Mungu hawezi kuwatesa wanyama wasio na kosa. Tazameni namna mwanachuoni huyo mkubwa alivyofikiri: hakuona kuwa ni jambo dogo kumnasibishia Nabii ukatili kwa farasi.

Ama Mtume wetu (S.A.W.), mwenendo wake katika mlango huu uko wazi. Imepokewa katika Muwatta ya Imamu Malik kwamba alionekana akimpangusa farasi wake uso kwa nguo yake mwenyewe. Imepokewa na Abu Daud kwamba alimpita ngamia aliyekonda hata tumbo limegandamana na mgongo, akawaamuru watu wamche Mungu katika wanyama hawa wasiosema, na wakiwapanda wawapande wakiwa katika hali njema. Zingatia neno hilo, ewe ndugu msomaji. Halikusimama kwenye kumlisha mnyama peke yake, bali limegusa kumpanda kwenyewe: hali ya mnyama ni sharti ya kumpanda. Na swali la kijana wetu jawabu lake liko hapo.

Imepokewa vile vile kwamba aliingia katika shamba la mtu wa Madina, na ngamia aliyekuwamo alipomwona akalia, machozi yakamtoka. Mtume akampapasa nyuma ya masikio hata akatulia, kisha akamwita mwenyewe na kumkanya, kwa kuwa ngamia yule alishitaki njaa na kuchoshwa kazi. Na alikataza watu kuyafanya migongo ya wanyama kuwa viti vya kukalia wakizungumza, kwani wametiishwa ili watufikishe safari, na kwa mazungumzo tumepewa ardhi. Bibi Aisha (R.A.) alipompanda ngamia mgumu akawa anamsukasuka, Mtume alimwelekeza kwenye upole, akamfahamisha kuwa upole hukipamba kila kitu ulichomo, na kitu kikiondolewa upole huharibika. Na sahaba Anas amesimulia kuwa wao walipotua kituoni hawakuwa wakisali Sunna mpaka wamekwisha kuwatua wanyama mizigo yao.

Hata katika mbio alizozishindanisha Mtume (S.A.W.) mna mafunzo. Imepokewa na Ibn Umar, ambaye mwenyewe alishindana, kwamba farasi waliokwisha kuzoezwa walipangiwa masafa marefu, na wasiozoezwa wakapangiwa masafa mafupi, kiasi cha maili moja. Kila farasi alipewa kwa kadiri ya uwezo wake. Haikusemwa kuwa farasi ni farasi, na wakimbie wote. Ama kamari ichezwayo katika mbio za zama hizi, hukumu yake imo katika Sura ya Al-Maida, wala haina mjadala. Lakini hiyo siyo maudhui yetu leo.

Nao mafakihi hawakuliacha jambo hili kuwa mawaidha matupu. Katika Minhaj ya Imamu Nawawi, kitabu ambacho wanafunzi wa madhehebu yetu ya Shafii hukisoma mbele ya masheikh wao, imekuja kwamba mwenye mnyama ni wajibu juu yake kumpa chakula na maji, na akikataa hulazimishwa na Kadhi ama amlishe, ama amuuze, ama amchinje ikiwa ni mnyama wa kuliwa. Sheikh Izzuddin bin Abdissalam, aliyefariki mwaka 1262, katika kitabu chake cha kanuni za hukumu, amezihesabu haki za mnyama juu ya binadamu: amlishe hata akizeeka au akiugua na kuwa hana faida tena, wala asimtwike asichokiweza. Na Khalifa Umar bin Abdilaziz, kama ilivyosimuliwa katika sira yake, aliwaandikia wasimamizi wa njia za posta kukataza wanyama kutiwa lijamu nzito kinywani, na kukataza kuchokolewa kwa fimbo yenye chuma nchani. Hayo yaliandikwa zaidi ya miaka elfu moja na mia mbili iliyopita. Basi asitwambie mtu kwamba kumwonea farasi huruma ni desturi ya Wazungu tuliyoiiga.

Wala serikali ya nchi hii haikunyamaza. Sheria ya kuzuia ukatili kwa wanyama, iliyo Sura ya 360 ya Sheria za Kenya, imefanya kuwa ni kosa kumpiga mnyama kikatili, kumpiga mateke, kumtwika kupita kiasi, na kumpanda kupita kiasi. Maana yake ni kwamba aliyempandisha watoto farasi mwenye donda amevunja sharia ya Mungu na sheria ya nchi kwa pamoja.

Tukisha kuijua hukumu, imebaki kujua upole wenyewe ni upi. Kwani mtu aweza kusema kuwa ampenda farasi, na huku amwumiza kwa ujinga. Tumewauliza wanaoijua kazi hii, na haya ndiyo yapasayo kila mpandaji na kila saisi kuyajua.

Anza na kinywa. Baina ya meno ya mbele ya farasi na magego yake mna nafasi isiyo na jino, na hapo ndipo chuma cha lijamu hukaa, juu ya ufizi mwembamba uliofunika mfupa. Anayevuta hatamu kwa nguvu avuta chuma juu ya mfupa. Aliyetaka kujua utamu wake na ajigonge ugoko kwa fimbo. Kwa hiyo hatamu hushikwa kama mtu amshikavyo mkono mtoto avukaye barabara: si kwa kumwacha, wala si kwa kumminya. Mpandaji asiyejua asijizuie kuanguka kwa kuning'inia hatamu. Ashike nywele za shingo au ukanda wa tandiko. Na kwa mtoto mdogo, bora saisi amwongoze farasi kwa kamba, na mtoto asipewe hatamu kabisa.

Kisha mgongo. Tandiko lisilomkaa vizuri humsugua, na chembe ya mchanga chini ya kitambaa yatosha kufanya donda. Kabla ya kutandika, pitisha kiganja mgongoni pote. Na baada ya kutandua, pitisha tena. Wataalamu wengi wasema kuwa uzito wa mpandaji pamoja na tandiko usizidi khumusi ya uzito wa farasi. Basi farasi wa kilo 400 mzigo wake wote usipite kilo 80. Mtu mzima mnene anapompanda farasi mdogo wa watoto ili apigwe picha, hilo si jambo la kuchekesha. Na apandaye asijitupe kama gunia. Apandie juu ya jiwe au kigoda ili asimvute farasi upande mmoja, kisha akae polepole.

Kisha tumbo na pumzi. Farasi ameumbwa ale kidogo kidogo mchana kutwa, na tumbo lake ni dogo kwa mwili wake. Hawezi kutapika, chakula kibaya kikiingia hakina njia ya kurudi, na msokoto wa tumbo waweza kumwua. Hawezi kupumua kwa kinywa, bali kwa pua tu. Basi usimkaze ukanda wa kichwa ukambana pua. Siku ya jua aweza kunywa lita 40 za maji na zaidi. Anayemwacha kutwa amefungwa juani bila ya ndoo ya maji, kisha akaenda kununua soda, na ajiulize atajibu nini.

Kisha macho na masikio. Macho ya farasi yako pembeni mwa kichwa. Aona mbali kwa pande zote mbili, lakini haoni kilicho nyuma yake kabisa, wala kilicho mbele ya kipaji chake. Anayemjia kwa nyuma kimya kimya akapigwa teke, asimlaumu farasi. Mjie kwa ubavuni, umsemeshe, umguse begani kwanza.

Na mwisho, jifunze kusoma uso wake. Farasi haliii kama mbwa anapoumia, kwani tabia yake ni kuficha udhaifu usije ukaonwa na mnyama mkali. Lakini uso wake wasema. Mwaka 2014 wataalamu wa Ulaya walitoa kipimo cha kutambua maumivu usoni mwa farasi, na alama zake mtu yeyote aweza kuziona: masikio yamekakamaa nyuma, jicho limesinyaa, misuli juu ya jicho na ya taya imekaza, mdomo umebanwa, kidevu kimejitokeza, tundu za pua zimevutwa. Saisi aliyekaa na farasi mwaka mmoja azijua alama hizi bila ya kipimo. Kijana wetu alizijua. Masikio aliyoyaona siku ile yalikuwa ushahidi, na ushahidi ukisha kumfikia mtu, udhuru wake umekwisha.

Wapo watakaosema: Maneno haya ni mazuri, lakini farasi bila ya mjeledi hatii. Twajibu kwamba upole si ulegevu. Farasi asiyewekewa mpaka humkanyaga mtu, na mtoto aweza kufa. Lakini wale wanaojua kumfunza farasi wametufahamisha siri moja: farasi hafunzwi na kule kumkaza, bali na kule kumlegeza. Unamgusa kwa mguu kidogo ili aende. Mara anaponyanyua hatua, unaacha. Unashika hatamu kidogo ili asimame; mara anaposimama, unalegeza. Kule kulegezwa ndiko kumwambiako kuwa amefanya vyema. Asiyelegezewa hujiona kuwa atii au asitii ni mamoja, hata kinywa chake kikafa ganzi na mbavu zake zikawa kama ubao. Hapo ndipo mwenyewe huhitaji chuma kikubwa zaidi na mjeledi mrefu zaidi, kisha akasema kuwa mnyama ni mbishi.

Mtume wetu (S.A.W.) ametuhimiza tumpe mfanya kazi ujira wake kabla ya jasho lake kukauka. Basi ujira wa farasi ni kulegezewa hatamu, nao hulipwa pale pale, kabla ya kwato kutua chini. Anayeichukua kazi na kuuzuia ujira, awe ni wa mtu au wa mnyama, amedhulumu. Sisi tujuao uchungu wa kufanya kazi mwezi mzima kisha mshahara ukazuiliwa, twapaswa kuwa wa kwanza kuifahamu dhulma hii.

Sasa twarudi kwenye maswali matatu.

Ujira. Asili ya kazi ya saisi ni halali, bali ina thawabu. Kumlisha farasi, kumnywesha, kumsafishia banda na kumsugua, yote ni sadaka kwa aliyenuia. Na Mtume ametufahamisha kuwa kila chenye ini bichi, yaani kila chenye uhai, katika kukitendea wema mna ujira kwa Mola. Lakini kumtwika mnyama mgonjwa ni maasia, na malipo ya maasia si mema. Twaona kuwa mshahara wa kijana kwa kazi yake ya kila siku hauna tatizo. Ama kile alichopata kwa farasi yule siku ile, na akitumie katika dawa na chakula cha farasi yule yule, au akitoe sadaka, na atubie kwa Mola wake.

Dhambi. Iko juu ya wote wawili. Juu ya aliyeamuru ni kubwa zaidi, kwa kuwa alionyeshwa donda naye akachagua fedha. Lakini aliyetenda hasalimiki kwa kusema kuwa aliamriwa, kwani kiumbe hatiiwi katika kumwasi Muumba. Na iko sehemu ya tatu ambayo hatukuulizwa, nasi hatuwezi kuinyamazia: sehemu ya baba aliyetoa shilingi akampandisha mwanawe bila ya kutazama. Enyi wazazi, Idi ni siku ya furaha, na kumfurahisha mtoto ni Sunna. Lakini kabla ya kulipa, mwambie saisi afunue tandiko, uutazame mgongo. Mtazame farasi atembeavyo, kama achechemea. Uliza amepumzika lini na amekunywa lini. Ukikataa kumpanda farasi mwenye donda, na baba wa pili akakataa, na wa tatu, mwenye farasi atamwita mganga wa wanyama kabla ya alasiri. Biashara ile husimama juu ya fedha zetu. Na mtoto aliyemwona baba yake akikataa kwa ajili ya mnyama amefundishwa somo ambalo madrasa yahitaji mwaka mzima kulifundisha.

Na akiamriwa tena? Asitukane wala asigombane. Aseme kwa adabu: Bwana, farasi huyu ni mgonjwa, nami sitamtandika, nipe kazi nyingine yoyote nitaifanya. Mara nyingi mwajiri hujua haki, ila haraka imemzidi, naye hurudi. Asiporudi, kijana na ashikilie neno lake. Ukatili ukiendelea, na upelekewe chama cha KSPCA cha kutunza wanyama, ambacho makao yake yako Karen, au polisi. Hiyo si fitina. Ni kuondoa munkari kwa njia iliyoruhusiwa.

Lakini hatuwezi kumwambia kijana maskini asimame katika haki kisha tukamwacha peke yake. Ni rahisi kwa aliyeshiba kumhubiria mwenye njaa kuwa Mungu ndiye Mtoaji riziki. Kwa hiyo tumekubaliana katika darsa yetu kwamba saisi yeyote wa mitaa hii, awe Mwislamu au asiwe, atakayefukuzwa kazi kwa kukataa kumtesa mnyama, tutamchangia chakula cha nyumba yake mpaka apate kazi nyingine, na kila mmoja wetu atamtafutia kazi kama amtafutiavyo mwanawe. Rehema ya mnyama ikiwa haikuandamana na rehema ya anayemtunza, huwa ni maneno ya barazani.

Tumebakisha neno moja kwa ndugu zetu wa Kawangware na Dagoretti wenye punda wa mikokoteni, kwani tusemayo juu ya farasi yamhusu punda pia, naye ndiye anayeonekana zaidi mbele ya macho yetu. Mtungi mmoja wa maji wa lita 20 ni kilo 20. Mitungi ishirini ni kilo 400, mbali na mkokoteni na mbali na aliyekaa juu yake akichapa. Mlima ukiwa mkali na tope ni nyingi, ipunguzeni, mrudi mara ya pili. Na ndugu yetu anayesikia adhana akamfunga punda wake mlangoni mwa msikiti, mkokoteni ungali mgongoni na jua li utosini, kisha akaingia na kuirefusha sijida: na akumbuke khabari ya Anas tuliyoitaja. Masahaba hawakuwa wavivu wa sala. Walijua tu kwamba haki ya mnyama aliyechoka hutangulia Sunna zao.

Twamuomba Mwenyezi Mungu ailainishe mioyo yetu na mikono yetu, awape vijana wetu riziki iliyo halali na ujasiri wa kusema haki, na asijaalie Siku ya Kiyama akatushitaki mnyama aliyetubeba mgongoni mwake. Wabillahi tawfik.